Malawi: manesi wamejaa mtaani, wodini hakuna mtu (uzi mrefu kidogo)

#1 Ng'ambo ya Songwe

Wakuu habari za mihangaiko.

Juzi kwenye uzi wa ajira za afya kuna jamaa kaandika "bora sisi, nenda Malawi uone hospitali haina hata nesi". Nikaona nifungue uzi wake kabisa maana hiyo kauli ina ukweli nusu, na ile nusu iliyobaki ndio ina mambo. Mods naomba msiuunganishe na ule.

Mimi ni nesi, kwetu Kyela. Wanaoijua Kyela wanajua Mto Songwe ni mpaka wa serikali tu, Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa Karonga upande wa Malawi tunaelewana, tunaoana, tunazikana. Kupitia kanisa nikapata nafasi ya kujitolea kwenye hospitali moja ya misheni kaskazini mwa Malawi, jina naliacha, nikakaa huko hadi nikawa najua matroni gani usimsemeshe kabla hajanywa chai. Kwahiyo nitakayoandika mengine nimeyaona na mengine ni mambo ya wazi yapo kwenye takwimu zao.

Tuanze na mfumo maana wengi tunadhani uko kama wetu. Malawi ina watu milioni 17.5 na ushee kwa sensa ya 2018, sasa hivi wameshavuka milioni 20, na zaidi ya asilimia 80 wako vijijini. Hospitali kubwa za rufaa ni nne: Queen Elizabeth ya Blantyre (wenyewe wanaiita Queen's), Kamuzu Central ya Lilongwe, Zomba na Mzuzu. Chini yake hospitali za wilaya halafu vituo vya afya. Vya serikali matibabu kwa kawaida ni bure, sio kama huku. Kisha kuna CHAM, huo ni muungano wa hospitali za makanisa, unabeba karibu theluthi moja ya huduma zote za afya nchini na ndio unaosomesha manesi wengi kuliko serikali. Ukisikia Ekwendeni, Nkhoma, Malamulo, Mulanje Mission, ndio hao. Hospitali za CHAM unalipia, isipokuwa pale serikali imeingia nao mkataba wa kuwalipia wajawazito na watoto, na serikali ikichelewa kulipa ule mkataba unalegea, mama anaambiwa nenda cha serikali, na cha serikali kiko kilomita thelathini.

Sasa nani anafanya kazi? Daktari usimtafute. Kule wilayani operesheni ya kumtoa mtoto inafanywa na matabibu, wale ma-CO (clinical officer) ambao sio madaktari kamili, na wanaifanya vizuri tu, wamezifanya miaka mingi kuliko madaktari wengi vijana. Leba yote iko mikononi mwa nesi mkunga wa diploma aliyesoma miaka mitatu chuo cha misheni. Huyo ndio Malawi yenyewe. Kituo cha afya cha kijijini unaweza kumkuta mmoja tu na ndiye mkunga, ndiye mfamasia, ndiye mwandika rejista ya ARV, na usiku wakija kumgongea anaamka.

Ngoja nipumzike, naendelea.

#2 Kidume cha Mabibo

Siti ya mbele. Endelea mkuu ila usije ukatuacha hewani kama wale wa "inaendelea" wanapotea mwaka

#3 Ng'ambo ya Songwe

Siachi mtu hewani.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni hili. Zamu ya usiku wodi ya watoto, msimu wa mvua ambao malaria iko juu, tuko wawili na mhudumu mmoja. Watoto wawili wawili kitandani, wengine chini kwenye mikeka, nusu yao wanahitaji damu. Unamaliza kuzungushia dawa za saa nne tayari za saa nane zinakuita. Asubuhi natoka getini nakutana na mabinti wamevaa vizuri wameshika bahasha kaki, wanakuja kuuliza kama kuna nafasi. Ni manesi. Wamemaliza chuo, wana leseni, wanakaa nyumbani mwaka wa pili. Mmoja alikuwa anauza miamala ya simu pale pale nje ya geti la hospitali, ndani wagonjwa wanakosa mtu wa kuwageuza.

Ndio maana nasema kauli ya "hakuna manesi" ni nusu. Manesi wapo, nafasi zipo, nafasi zenye HELA ndio hazipo. Serikali yao ina dari kwenye bajeti ya mishahara, kila mwaka wanaajiri kwa awamu kidogo kidogo, kibali kikitoka ni habari ya redioni. Wafadhili nao wanapenda sana kujenga jengo, kuleta mashine, kuendesha semina ya siku tatu yenye posho na picha ya pamoja. Mshahara wa nesi ni deni la miaka thelathini, huko hawataki kusogea. Ni kununua daladala mpya ukakosa hela ya dereva.

Ila kuna wakati walilijaribu hili jambo kwa kweli, na hapa ndio napenda watu wasome. Miaka ya mwanzo ya 2000 Malawi ilikuwa inaanguka. UKIMWI ulikuwa unaua wagonjwa na unaua watumishi wenyewe, na waliobaki wazima walikuwa wanapanda ndege kwenda Uingereza. 2004 serikali na wafadhili, hasa Waingereza na Global Fund (mfuko wa dunia wa UKIMWI, TB na malaria), wakaja na mpango wa dharura wa watumishi wa afya: kada 11 zikaongezewa mshahara kwa asilimia 52, vyuo vikapanuliwa. Sio posho ya semina, MSHAHARA. Hizo kada zilipanda kutoka watu 5,400 na kitu mwaka 2004 hadi 8,300 na kitu mwaka 2009. Kwa miaka mitano hiyo ni kazi kubwa. Halafu mpango ukaisha 2010 na kila mtu akaendelea na mambo yake.

#4 Nesi Mtaani

Mkuu umesema Malawi au umesema Tanzania? Mimi nimemaliza diploma, leseni ninayo, nimeomba kwenye mfumo wa ajira kila tangazo likitoka mpaka password nimeikariri. Sasa hivi niko duka la dawa la mtu mshahara laki na nusu na nikiumwa siku moja inakatwa. Yule wa miamala ya simu ni mimi huyo

#5 Ng'ambo ya Songwe

Pole dada. Ni kweli tunafanana, tofauti ni kwamba sisi tuna mahali pengi pa kujishikiza, hospitali binafsi, maduka ya dawa, polyclinic kila kona ya mji. Malawi sekta binafsi ni ndogo, ukikosa serikali na ukikosa CHAM umebakiwa na NGO au nje ya nchi.

#6 Jembe la Makambako

Hapo mnazunguka tu. Tatizo la Malawi ni WIZI. Mmesahau Cashgate? 2013 watu walikamatwa na hela za serikali kwenye mabuti ya magari, ofisa wa bajeti wa hazina akapigwa risasi getini kwake. Wafadhili wakafunga bomba. Na dawa za hospitali zinauzwa sokoni kila siku. Kwanza nchi yenyewe ombaomba, tunaijadili ya nini

#7 Ng'ambo ya Songwe

Cashgate ni kweli, na ni kweli wafadhili waliacha kuweka hela moja kwa moja kwenye bajeti ya serikali baada ya pale, wakaanza kupitisha kwenye miradi yao. Na hayo matokeo yake ndio mabaya kuliko wizi wenyewe ukiniuliza mimi. Maana mradi una ofisi yake, una magari yake, una wafanyakazi wake inaowalipa mara mbili ya mshahara wa serikali, kwahiyo nesi mzuri wa wilaya anatoka wodini anaenda kuwa "afisa mradi" anazunguka na fomu. Wizi umechukua hela, halafu dawa ya wizi ikachukua watu.

Dawa kuibiwa ipo pia, sitetei. Lakini mkuu hata ukikomesha wizi wote kesho, kwacha, hela yao, ni ile ile. Mei 2022 waliishusha thamani kwa asilimia 25, Novemba 2023 wakaishusha tena kwa 44, dola moja ikapanda ghafla kutoka kwacha 1,180 hivi mpaka 1,700. Dawa nyingi zinaagizwa kwa dola. Nesi jana alikuwa na mshahara wa kununua magunia kadhaa ya mahindi leo hesabu imebadilika. Ndio unakuta kila mtu anaishi kwa locum, yaani zamu za ziada za kulipwa. Amemaliza zamu yake ya halali anaingia nyingine, siku ya mapumziko yuko wodi nyingine. Mtu kama huyo saa kumi alfajiri ukimpa ampul mbili zinazofanana unamwomba Mungu.

Na kuhusu kuwajadili ya nini, soma post ya chini ndio utajua.

#8 Ng'ambo ya Songwe

Mnakumbuka 2022 kampeni ya matone ya polio nyumba kwa nyumba? Ilianza mikoa minne, Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Mliuliza kwanini huku tu? Kwasababu Februari 2022 Lilongwe alithibitishwa mtoto wa miaka mitatu mwenye polio ya asili, na Afrika ilikuwa haijaona kirusi hicho zaidi ya miaka mitano, ilishatangazwa kuwa huru 2020. Vipimo vikaonyesha kirusi kina undugu na cha Pakistan. Mtoto mmoja Lilongwe, ikabidi nchi nne zichanje. Na aliyechanja kule kwao ni nani, ni HSA.

Huyu HSA inabidi nimweleze kidogo. Ni mhudumu wa afya wa jamii lakini sio wa kujitolea, ni mwajiriwa wa serikali mwenye mshahara, na hii kada ina historia, imetokana na wachanjaji wa ndui na wasaidizi wa kipindupindu wa miaka ya 60 na 70. Lengo lao ni mmoja kwa kila watu elfu moja. Anapewa baiskeli, anachanja, anatoa sindano ya uzazi wa mpango, anatibu malaria, kuhara na nimonia kwa watoto chini ya miaka mitano huko huko kijijini. Chanjo ya malaria ilipoanza majaribio ya kuingizwa kwenye ratiba za kawaida, nchi ya kwanza kabisa kuanza Aprili 2019 ilikuwa Malawi, kabla ya Ghana na Kenya, na waliobeba yale maboksi ya baridi ni hao hao. Sisi mpango wetu wa wahudumu ngazi ya jamii wenye posho ya uhakika tumeuzindua 2024. Kwahiyo hiyo "nchi ombaomba" ilitutangulia miaka mingi sana.

Sio kwamba hawana kasoro. Wengi wanaishi mjini badala ya kwenye eneo lao, baiskeli zinakufa hakuna spea, boksi la dawa linakaa tupu. Ila mfumo upo.

#9 Tani Thelathini

Mimi dereva wa masafa, njia yangu Dar, Tunduma, Lusaka na mara nyingi mpaka wa Kasumulu kwenda Lilongwe. Nathibitisha alichosema jamaa. Ile 2022 kuingia 2023 kipindupindu kilikuwa sio mchezo, pale mpakani unanawishwa mikono kwa klorini mpaka ngozi inatoka, chakula cha barabarani tukaacha tukawa tunapika wenyewe kwenye boksi la gari. Karonga pale kando ya ziwa waliweka mahema ya wagonjwa uwanjani. Na habari ya mafuta hamjaigusa, kuna safari nimekuta foleni ya mafuta Mzuzu imezunguka mitaa miwili na ndani ya foleni kuna ambulensi, imekaa na madumu kama sisi

#10 Ng'ambo ya Songwe

@Tani Thelathini asante kwa kunikumbusha. Kipindupindu cha 2022 kinahitaji post yake.

Kwao kipindupindu sio kigeni, huwa kinakuja na mvua kwenye bonde la Shire kusini, Nsanje na Chikwawa, mvua ikikata nacho kinakata. Mwaka ule Januari kilipita kimbunga Ana, kikabomoa vyoo na visima kusini na kikavunja bwawa la umeme la Kapichira, nchi ikakaa na giza. Machi wakatangaza mlipuko, mgonjwa wa kwanza alikuwa Machinga. Wakasubiri kiangazi kikate ugonjwa. HAUKUKATA. Ukapanda ziwani kaskazini, Nkhata Bay, Rumphi, Karonga, na mwisho wa mwaka wilaya zote 29 za afya zilikuwa na wagonjwa. Januari 2023 shule za Blantyre na Lilongwe zikasogezewa tarehe ya kufungua. Kilipotulia walikuwa wameugua zaidi ya watu 58,000 na wamekufa zaidi ya 1,700. Rekodi ya nyuma ilikuwa ya 2001 na 2002, vifo 968.

Wenzangu wa afya angalieni hapo, ni vifo karibu vitatu kwa kila wagonjwa mia. Kipindupindu mtu akifika mapema akawekewa maji hafi, lengo la kimataifa ni chini ya kifo kimoja kwa mia. Maana yake watu walichelewa kufika au walifika hakuna mtu wa kuwawekea. Mgonjwa wa hivi mishipa imelala, unatafuta mshipa kwa tochi ya simu, lita za kwanza lazima ziingie haraka, na ukishafunga dripu lazima arudi mtu kuibadilisha kabla haijaisha. Ni kazi ya mikono ya manesi, hakuna mashine ya kuifanya. Wale manesi wa kwenye mahema walitolewa wapi? Wodini. Leba ikabaki na nani? Jibuni wenyewe. Ndipo serikali ikaita wale wa mtaani kwa mikataba ya muda, mlipuko ukiisha na mkataba umekwisha. Kwenye Covid walifanya hivyo hivyo. Yani nesi anaajirika pale tu kunapokuwa na janga, watu wakipona anarudi kuuza vocha, hili jambo linanikera hadi leo naandika vidole vinatetemeka.

Na chanjo ya kumeza ilikuwa imeadimika dunia nzima, Oktoba 2022 ikabidi nchi zipewe dozi moja badala ya mbili.

Kabla hawajapumua, Machi 2023 kikaja kimbunga Freddy. Blantyre, mtaa wa Chilobwe ulio chini ya mlima, udongo na mawe vilishuka usiku watu wamelala. Nchi nzima waliokufa walihesabiwa 679 na wasioonekana 537. Mochwari ya Queen's ikazidiwa. Kuna manesi walikuwa wanapokea majeruhi huku hawajui nyumba zao kama zipo.

#11 Kidume cha Mabibo

Daah. Mkuu mbona hii haikutangazwa sana huku

#12 Mama Pacha Leeds

Naomba nichangie kwenye la kukimbilia Uingereza maana niko huku, mtoto wa Moshi, nesi wa wodi ya wazee. Watu wanaongea vitu nusu nusu. Kuna orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi, ya 2020 ilikuwa na nchi 47, ya 2023 zikawa 55. Malawi imo, Tanzania imo, Zambia na Zimbabwe ziliongezwa hiyo 2023. Kwa taratibu za Uingereza wakala haruhusiwi kwenda kuwawinda wafanyakazi kwenye nchi hizo. LAKINI mtu mwenyewe akiomba kazi moja kwa moja hakatazwi. Kwahiyo mlango mkubwa umefungwa, ule mdogo uko wazi kwa mwenye hela ya mitihani ya Kiingereza na usajili.

Wamalawi ninaowafahamu huku wengi ni wa zamani, walikuja mwanzoni mwa 2000. Mmoja ananiambia walivyokuja kwenye kundi lao wodi nzima ya upasuaji ya kule kwao ilibaki na watu wa kuhesabu kwa mkono mmoja. Anajisikia vibaya mpaka leo ila watoto wake wamesoma, sasa umlaumu? Hapo mimi siwezi kumlaumu mtu. Wenye kulaumu wengi hawajawahi kusubiri mshahara wa Disemba hadi Februari.

#13 Nesi Mtaani

@Mama Pacha Leeds dada hiyo njia ya mlango mdogo naomba tuongee pembeni 🙏

#14 Ng'ambo ya Songwe

😂 uzi umeshakuwa wa viza.

Ngoja nimalizie sehemu mbili, ya ndugu wa wagonjwa na ya VVU.

Ukiingia hospitali yoyote ya Malawi utakuta nje kuna kama kijiji. Moshi wa kuni, sufuria, kanga zimeanikwa uani. Hao ni wauguzaji, kila mgonjwa anakuja na ndugu, tena sio wa kutembelea saa za kutembelea, anahamia. Anampikia nsima (ugali wao), anamwogesha, anamgeuza, anatoa bakuli la haja, usiku analala chini ya kitanda au kwenye banda lao maalumu, hospitali nyingi zina mabanda rasmi kabisa ya wauguzaji. Huku kwetu ndugu wapo pia lakini kule ni sehemu ya mfumo, wodi bila wao haifiki jioni. Uzuri wake mgonjwa hana upweke. Ubaya wake unajikuta unamfundisha binti wa miaka kumi na nne namna ya kumlisha mama yake kwa mpira wa puani, na unamwachia, kwasababu usipomwachia mama hatakula. Na huyo binti shule ameacha. Halafu hakuna takwimu inayomhesabu kama mfanyakazi wa afya.

Sasa VVU. Wakuu hili ni jambo ambalo Malawi waliifundisha dunia, na naona hata wenyewe hawajisifii vya kutosha. Zamani mjamzito mwenye VVU ili apewe dawa za maisha lazima apimwe CD4 kwanza, yaani kipimo cha kinga ya mwili. Mashine za CD4 ziko mjini, mama yuko Chitipa ndani. Wakakaa chini wakasema hivi, wanawake wetu wananyonyesha muda mrefu, wakimaliza wanabeba mimba nyingine, mashine hatuna na hatutakuwa nazo karibuni, sasa tunapima cha nini? Kila mjamzito na anayenyonyesha akikutwa na virusi aanze ARV siku hiyo na asiache maisha yake yote. Wakaanza 2011, wataalamu wa nje wakakunja nyuso kwamba ni ghali na dawa zitashindwa. Robo ya pili ya 2011 wanawake wa kundi hilo walioanzishiwa dawa walikuwa 1,257. Robo ya tatu ya 2012 walikuwa 10,663. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaweka kwenye mwongozo, na sisi Tanzania tukafuata njia hiyo hiyo.

Kilichowezesha ni nini? Walimruhusu NESI aanzishe dawa kule kule kliniki ya wajawazito. Hakuna kumsubiri daktari. Kidonge kimoja, rejista moja, nesi mmoja. Maambukizi kwa watu wazima yalikuwa kama asilimia 8.9 kwa utafiti wao wa 2020 na 2021, na kati ya walio kwenye dawa zaidi ya asilimia 95 virusi vilikuwa vimefubaa. Vifo vya wajawazito vilikuwa 984 kwa kila vizazi hai laki moja kwenye utafiti wa 2004, vikaja 675 mwaka 2010, vikaja 439 kwenye ule wa 2015 na 2016. Bado ni vingi, lakini angalia mteremko. Wakati huo zaidi ya asilimia 90 ya wanawake walikuwa wanajifungulia kituoni, machifu walikuwa wanapitisha sheria ndogo za kijiji, mkeo akizalia nyumbani unalipa mbuzi. Unaweza kuipinga, na mimi siipendi, kwasababu anayelipa ni maskini aliyekosa nauli ya kabaza (baiskeli ya kukodi), lakini watu walikwenda.

Kwahiyo msimamo wangu ndio huu tangu mwanzo: pale Malawi ilipompa nesi na HSA ruhusa, dawa na mshahara, ilifanya vitu ambavyo nchi tajiri kuliko yake zilishindwa. Pale ilipompa semina peke yake haikupata kitu.

#15 Jembe la Makambako

Sawa nimekuelewa, ila hizo ARV ni za nani? Za Mmarekani na Global Fund. Januari 2025 Trump kafunga bomba tukaona kilio. Sasa hapo sifa ni ya Malawi au ya mwenye hela?

#16 Ng'ambo ya Songwe

Swali zuri, hili nakupa maua yako.

Wazo na mikono ni vya kwao, hela ni ya nje, na hapo ndio pabovu. Ilivyosimamishwa misaada ya Marekani Januari 2025 vidonge havikupotea siku ile ile. Waliopotea ni watu: wapimaji wa VVU waliolipwa na miradi, waingiza data, akina mama washauri waliokuwa wanamfuata mwenzao kijijini akikosa kliniki. Rafiki yangu wa kituo kimoja kule aliniambia asubuhi walikuja watu nusu, kufika saa nne foleni imefika barabarani na yeye ndiye anapima, ndiye anaandika, ndiye anagawa. Mgonjwa aliyeacha dawa hakuna tena wa kumfuata, na aliyeacha dawa huwezi kumuona kwenye rejista kwasababu kutokuonekana ndio tatizo lake. Utakuja kumuona wodini baadaye akiwa na TB.

Na sisi huku tusijifanye hatukuguswa, waliokuwa kwenye miradi wanajua barua walizopata mwezi ule.

Mimi ningekuwa na sauti Lilongwe ningeomba kitu kimoja cha kuchosha: kila mfadhili anayejenga jengo aweke na mishahara ya manesi wa hilo jengo kwa miaka kumi, inayoshuka kidogo kidogo huku serikali inaichukua. Chama chao cha manesi na wakunga kimepigia kelele masilahi tangu enzi za Dorothy Ngoma, mama aliyekuwa anawaambia mawaziri ukweli mbele ya kamera, na bado tuko pale pale.

#17 Tani Thelathini

Dorothy nilimsikia redioni zamani, anaongea kama anachapa mtu 😅

#18 Nesi Mtaani

Swali la mwisho mkuu, je nesi wa Tanzania anaweza kufanya kazi Malawi? Maana huku nimekata tamaa na Uingereza hela ya mtihani sina

#19 Ng'ambo ya Songwe

Kisheria inawezekana. Unahitaji kusajiliwa na baraza lao la manesi na wakunga, na ili wakusajili wanataka uthibitisho wa leseni yako kutoka baraza letu, TNMC, unatumwa baraza kwa baraza sio wewe kubeba mkononi. Kisha kibali cha kazi, na hapo ndio mtihani, kwasababu mwajiri lazima aeleze kwanini asichukue Mmalawi, na Wamalawi wenye leseni wako getini na bahasha kama nilivyosema. Wageni wengi niliowakuta walikuja kwa kujitolea kupitia makanisa, unapewa nyumba na posho ya chakula basi. Kichewa kitakusumbua kusini, kaskazini ukiwa na Kinyakyusa au Kitumbuka unapona. Akitokea ajenti anakuahidi mshahara wa dola Lilongwe na anataka hela ya usajili kwanza, mkimbie.

Kama bado unataka, anza na barua ya TNMC maana ndio inayochelewa kuliko vyote, na hata usipoenda Malawi utaihitaji kokote utakakoomba. Njoo PM nikuelekeze fomu.